Mara kwa Mara: Namna ya Kuposti Kila Siku Mkoani Mara Bila Kuuza Kitu

Katambuga zilikuwa nzuri, sina ubishi. Tairi lilikatwa na mkono usiotetemeka, mikanda imepita inapopaswa kupita, na pembeni mwenye ukurasa alikuwa ameweka ua la plastiki ili viatu vya kuchungia ng'ombe vipate sura ya harusi. Kibanda kiko Bunda, mimi niko Musoma. Nikaandika chini ya picha swali fupi kuliko yote yanayojulikana sokoni: "Bei?" Hazikupita dakika tatu nikajibiwa: "Njoo inbox kipenzi."

Nilikwenda. Ilikuwa Januari. Huko inbox nilisalimiwa vizuri, nikaulizwa hali, nikaulizwa niko wapi, kisha kukawa kimya kama kanisani siku ya Jumatatu. Lakini ukurasa wenyewe haukunyamaza. Uliendelea kuposti kila siku ya Mungu: asubuhi neno la kutia moyo, mchana picha, jioni shukrani kwa "wateja wetu pendwa", ambao nilitamani sana kujua bei waliipatia wapi. Kwa miezi minane sikuona siku iliyorukwa, wala sikuona tarakimu moja inayofanana na shilingi.

Hapo nikaelewa kwamba niko mbele ya fundi. Kuonekana kila siku na kutouza kila siku si jambo la bahati, linataka nidhamu. Nimechunguza kurasa za watu wetu, kuanzia Nyasho na Mwigobero hapa Musoma hadi Bunda Stoo na Butiama, na elimu niliyoiokota sioni kwa nini nife nayo. Pokea, ndugu mjasiriamali.

Anza kwa kukikubali cheo hicho. Zamani uliitwa muuza mitumba na ukaitika. Desemba 2018 Rais Magufuli alipoanza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja, wengi wetu tulilala wamachinga tukaamka wajasiriamali, na mjasiriamali hawezi kuwa na meza tu. Lazima awe na ukurasa. Ukurasa unataka jina. Ikiwa soko zima linakijua kibanda chako kama "kwa yule mama mrefu", usithubutu kulitumia jina hilo, mtu asije akakutafuta akakupata. Chagua jina la Kizungu, limalizie na "Collection" au "Empire", tia nukta mbili na kistari cha chini katikati, na kila penye S weka Z. Mahali ulipo andika "Tanzania". Nchi ina kilomita za mraba zaidi ya 900,000. Mteja mwenye nia atafika.

Mpwa wangu alirudi kutoka semina ya ujasiriamali Mwanza akiwa na daftari jipya na sheria moja: posti mara tatu kwa siku, kila siku, hata ukiwa na homa. Nikamuuliza nani kasema. Akajibu, "Algoridhimu." Alilitamka kama mtu anayemtaja babu wa ukoo ambaye hajatambikiwa.

Na kusema kweli kuna jambo hapo. Instagram ilianza 2016 kuacha kupanga picha kwa kufuata saa zilipowekwa; ikawa inazipanga kwa kadiri inavyodhani mtazamaji atapenda, na anayeweka vitu mara nyingi ana nafasi nyingi za kubahatisha. Hilo halina kejeli. Ila mwenye mtambo anaishi kwa kuuza matangazo, matangazo yanataka macho, na macho yanataka picha ambazo mtu fulani ameziweka bure. Mtu huyo ni wewe, na bando umenunua mwenyewe. Ushauri wa kuposti mara tatu kwa siku una huruma ileile ya mwenye kilabu cha pombe anapokwambia bado mapema, kaa kidogo.

Tuseme umekaa. Mara tatu kwa siku ni posti 1,095 kwa mwaka, na wewe unauza mafuta ya kupaka, kandambili na madaftari. Utaposti nini? Usihangaike, serikali ilishakuandalia. Januari 12 ni Mapinduzi ya Zanzibar, Aprili 7 Karume, Aprili 26 Muungano, kisha Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane na Desemba 9. Ongeza Idi zote mbili, Maulidi, Pasaka na Krismasi. Zikikwisha hizo, Umoja wa Mataifa nao umejaza kalenda hadi pembeni. Ipo hata Siku ya Choo Duniani, Novemba 19, ambayo muuza keki mwenye nidhamu huiadhimisha kwa picha ya keki.

Kwa mkoa wetu zipo tarehe mbili ambazo kuzikosa ni kama kukosa msiba wa jirani. Aprili 13 ndiyo siku aliyozaliwa Mwalimu Nyerere pale Butiama mwaka 1922, na Oktoba 14 ndiyo siku aliyofariki mwaka 1999. Kanuni ya picha ni hii: Mwalimu anakaa kushoto na fimbo yake, na nembo ya duka lako la vipuri vya pikipiki inakaa kulia, ikimzidi kidogo kwa ukubwa ili mtazamaji asichanganye nani anamuenzi nani. Chini yake weka nukuu. Nukuu iwe na jina la Mwalimu, lakini maneno yawe ya yule bwana wa hamasa uliyemsikia YouTube, kuhusu kuamka saa kumi alfajiri na kuwapuuza wenye wivu. Makumbusho yako Mwitongo, kaburi liko hukohuko. Mtu akitaka kuhakiki alichosema Mwalimu, ni safari ya bodaboda tu kutoka barabara kuu. Labda ndiyo maana hakuna anayekwenda.

Nikae naye kidogo huyu mzee, maana wanaomtundika kando ya nembo zao wamesahau alijulikanaje. Aling'atuka urais mwaka 1985. Televisheni Tanzania Bara ilianza 1994. Kwa miaka yote aliyokuwa Ikulu, mwananchi wa Bara hakuwahi kumwona kwenye televisheni ya Bara, na bado bibi yangu aliitambua sauti yake redioni kabla hajamaliza neno la kwanza. Mama Maria naye, katika miaka ya 1950, aliendesha duka dogo Dar es Salaam. Sijasikia kwamba lilikuwa na nembo. Na Mwalimu huyohuyo ndiye aliyeitafsiri tamthilia ya Shakespeare ikatoka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mle ndani yumo mkopeshaji, Shylock, ambaye dunia imemlaani kwa karne nne. Lakini hata Shylock alitaja bei yake waziwazi: ratili moja ya nyama, kwa maandishi. Hakumwambia mtu aje inbox.

Basi tumefika kwenye kiini cha ufundi wenyewe. Mengine yote unaweza kuyakosea ukasamehewa. Hili ukilikosea utauza. Bei isitajwe.

Nenda soko la Nyasho au stendi ya Bunda saa nne asubuhi. Yupo kijana aliyemwaga fulana juu ya turubai, na juu ya lundo ameweka spika ya betri. Ndani ya spika imo sauti yake mwenyewe, aliyoirekodi akiwa na nguvu za alfajiri: buku mbili, buku mbili, buku mbili, chagua mwenyewe, buku mbili. Inajirudia mpaka jua linazama. Hakuna mtu Tanzania anayeposti mara kwa mara kumshinda yule, na maudhui yake yote ni tarakimu moja. Hana nukuu, hana Siku ya Choo. Mwenye buku mbili anasimama, asiyekuwa nazo anapita, hakuna aliyepotezewa muda. Sasa mfuate kijana huyohuyo nyumbani jioni. Anaoga, anakula, anafungua simu, anaweka picha ya fulana ileile iliyopigiwa kelele kutwa nzima, na chini yake anaandika: "Bei njoo inbox."

Nimewauliza kwa nini. Wa kwanza aliniambia hataki washindani waione, ingawa mshindani wake yuko meza ya pili na spika inampigia sikioni. Wa pili alisema bei hubadilika, na hapo nilimwelewa. Dola inapanda, nauli ya lori kutoka Kariakoo inapanda. Lakini ya kweli niliambiwa kwa sauti ya chini, na mtu aliyekwisha kuacha biashara: mteja akija inbox unaitazama kwanza picha yake. Kama amepiga ameegemea gari, bei ni moja. Kama amepiga ameegemea mgomba, bei ni nyingine. Wateja nao si watoto. Mjomba wangu, mwenye nyumba mbili Makoko, picha yake ya wasifu ni mbuzi.

Mteja akishaingia huko, mazungumzo yaende kama yangu ya Januari, ambayo nayahifadhi mpaka leo:

"Habari dada. Zile katambuga bei gani?"

"Salama kaka, za huko?"

"Nzuri. Bei gani?"

"Zipi kaka?"

"Za kwenye picha."

"Picha gani kaka?"

"Uliyoposti leo."

"Aaah zile. Unavaa namba ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Uko wapi kaka?"

"Musoma."

"Karibu sana Bunda."

Tazama ulivyo ufundi. Amenikarimu, amenisikiliza, amenialika, na siri imebaki salama.

Picha zenyewe usipige wewe. Ukipiga mwenyewe kuna hatari mteja akafika dukani akakuta kile alichokiona. Chukua za Dubai, za Uturuki, za popote penye taa nzuri. Niliwahi kuona ukurasa wa samaki wa hapahapa mjini ukitangaza "sato wabichi kutoka ziwani", na picha ilikuwa ya changu mwekundu wa baharini, amelazwa juu ya barafu na vipande vya ndimu. Watu wa Mwigobero wameona sato tangu hawajaota meno. Mmoja akauliza kwenye maoni kama huyo sato alikuja kwa haisi kutoka Tanga. Akajibiwa unajua nini.

Kule Butiama ilinipata ya namna hiyo kwa upande mwingine. Mgahawa mmoja ulikuwa ukiposti piza kila siku, piza yenye jibini inayonyumbulika kama mpira wa manati. Nikafika na njaa yangu. Dada wa pale akanitazama kwa huruma, akasema piza ni ya mtandaoni, lakini kuna chapati na maharage ya nazi. Maharage yale sijayasahau. Nimerudi mara tatu kwa ajili yake, na sijawahi kuyaona kwenye ukurasa wao.

Usisahau alama za reli chini ya kila posti, nyingi kadiri mtandao utakavyokuruhusu, zikiwemo za Simba, Yanga na Diamond. Mkoa wa Mara haujawahi kupitiwa na reli. Ile ya kutoka Tanga na Arusha hadi Musoma imebaki kwenye mipango tangu wazee wetu wakiwa vijana. Mtandaoni tumejijengea ya kwetu.

Kwenye TikTok, cheza. Simama mbele ya mabeseni yako, nyanyua bega moja, kisha jingine. Wimbo uwe amapiano ya Afrika Kusini. Hapa kwetu Wakurya wana iritungu, ala ya nyuzi yenye kishindo kinachosikika mwilini kabla ya masikioni, na ingekutofautisha na wauza mabeseni wote wa Afrika ya kusini mwa Sahara. Ndiyo sababu hutakiwi kuitumia.

Sasa nifike kwa wenzangu wa dagaa, maana kwao ndiko mwongozo huu ulikogonga mwamba.

Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni za sola na betri. Mtumbwi unatoka jioni, taa inawashwa juu ya maji, dagaa wanaifuata, wavu unawazunguka. Ukikaa ufukweni Musoma usiku wa giza, utaona ziwa limewaka kwa mbali kama kuna mji mwingine ambao hakuna aliyekuambia habari zake. Lakini taa ya mvuvi haishindani na mwezi. Mbalamwezi ikitanda, dagaa hawaifuati tena taa; hutawanyika. Basi kila mwezi, kwa wiki moja au zaidi, mitumbwi hulala mchangani, wavuvi hushona nyavu, hucheza bao, hudaiwa. Giza likirudi, kazi inarudi. Mama anayenunua dagaa mwaloni anajua ratiba hiyo bila kushika simu. Anatazama juu.

Daftari la mpwa wangu halikuwa na ukurasa wa mwezi. Alijitolea kumsimamia shangazi yake biashara ya dagaa mtandaoni, na kwa kuwa sheria ni kila siku, katikati ya mbalamwezi aliposti kwa herufi kubwa: DAGAA WAPYA WAMEINGIA LEO, WAHI KABLA HAWAJAISHA. Shangazi mtu alikuwa na nusu gunia la wiki mbili nyuma, amelifunika, analitunza kwa wateja wake wa siku zote. Simu zikaanza kuita. Mama lishe wawili wakapanda bodaboda kutoka Bweri na visado vyao mkononi. Mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa ameketi kivulini na wavu wake magotini, aliisikia ile habari, akamwita kijana karibu, akamuuliza kwa upole kabisa:

"Mura, hao dagaa umewavua kwa taa ya simu?"

Mpwa wangu hakwenda mwaloni kwa mwezi mzima. Ukurasa, hata hivyo, haukuruka hata siku moja.

Masika ni shule nyingine. Dagaa hukaushwa kwa jua: mchangani, juu ya mawe, na kwa wenye uwezo kwenye chanja. Mvua ya Aprili ikiwakuta hawajakauka wanaharibika, na waliokusudiwa mezani huishia kwenye chakula cha kuku. Mtu asiyesoma mwongozo angeandika asubuhi hiyo: "Mvua imetuwahi, dagaa wa kuku wapo, bei imeshuka, niko Mwigobero mpaka saa nane." Wafugaji wangemaliza kila kitu kabla ya mchana. Wewe weka ile picha ya mwaka juzi yenye jua.

Na hapa, kwa sentensi chache, niiweke kejeli pembeni. Dagaa wetu wakifika Dar es Salaam huitwa dagaa wa Mwanza, hata kama Mwanza waliiona usiku tu wakiwa juu ya lori. Mkenya akiwachukua anawaita omena, Mganda mukene, na kila mmoja anajua wake. Jina la Musoma halimo popote. Kama kuna kazi moja ambayo posti za kila siku, kwa miaka, zingeweza kuifanya kweli, ni hiyo: wauzaji wote wa mkoa huu kuandika "dagaa wa Musoma" mpaka mnunuzi wa Dar aulize mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ambayo spika ya fulana haiwezi, kwa kuwa sauti yake inaishia kwenye kona ya soko. Nimetafuta anayeifanya. Nimekuta keki na Siku ya Choo.

Turudi kwenye mwongozo. Instagram ni ya kuonekana na watu usiowajua. Stetasi ya WhatsApp ni ya kuonekana na unaowadai na wanaokudai. Ilikuja kwa sura yake ya sasa mwaka 2017, picha inakaa saa 24 kisha inayeyuka, na kwa macho yangu ndilo duka halisi la mkoa huu, kwa kuwa anayenunua sabuni kwako tayari ana namba yako. Bahati mbaya mwenyekiti wa kikoba naye anayo. Fundi uliyemwambia hela haijaingia anayo. Baba mwenye nyumba anayo, na yule kijana wa mkopo wa kausha damu anazo namba zako zote mbili. Unapoamka na "Mzigo mpya umeingia, Mungu ameniinua", mwenyekiti anahesabu marejesho yako matatu yaliyolala. Unapolala na "Leo tumevunja rekodi ya mauzo", kumbuka kwamba makadirio ya kodi hufanywa na binadamu, na binadamu ana simu.

Namfahamu mama mmoja wa vitenge aliyelitatua hili kistadi. Stetasi zake amewafungia watu kumi na saba wasizione. Kila akichukua mkopo mpya, orodha inarefuka. Anaposti asubuhi, mchana na jioni, bila kukosa, kwa rangi zinazopendeza kweli. Wanaoona ni dada zake wawili na mimi.

Siku moja mwongozo huu ulifanyiwa majaribio ya nchi nzima bila sisi kuomba. Mei 12, 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na intaneti ikazimika na kusuasua Tanzania. Mpwa wangu alizunguka uani ameinua simu juu kama mtu anayemwonyesha Mungu kitu. Alikuwa na posti ya saa saba, ya saa kumi na moja na ya saa mbili usiku, zote zimekwama. Kule Nyasho spika iliendelea: buku mbili, buku mbili. Minada ya vijijini ikakaa kila mmoja siku yake ileile ya wiki, ng'ombe wakaja, wanunuzi wakaja, na hakuna aliyekuwa ametumiwa ukumbusho. Usiku ule taa za dagaa ziliwaka ziwani, kwa kuwa mwezi ulikuwa mchanga bado, haujapata nguvu ya kuziharibia.

Septemba niliamua kuyamaliza ya katambuga. Nilipanda haisi pale Bweri, nikashuka stendi ya Bunda, na kwa kuwa ukurasa ulisema kibanda kiko Tanzania, nikamwonyesha kijana wa bodaboda picha. Akacheka. "Huyu si mama wa katambuga? Panda, mzee." Dakika nne tulikuwa mlangoni.

Kibanda kilikuwa kimefungwa. Mama wa kibanda cha pili, aliyekuwa akichambua mchicha, akaniambia nisubiri kama nina muda. Mwenzake amepanda mlima Balili na kijana wa kamera kupiga picha za kuposti mwezi ujao, maana huko juu mwanga ni mzuri. Nikakaa kwenye benchi lake. Ndipo nilipouona mlango. Ulikuwa wa mabati, na juu ya mabati, kwa chaki, kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, mtu alikuwa ameandika: KATAMBUGA 15,000. NAMBA 38 HADI 45. Chaki yenyewe ilikuwa ya siku nyingi, imefifia pembeni kwa mvua.

Nikaupiga picha ule mlango, nikaiweka kwenye maoni ya ukurasa wake, chini ya lile ua la plastiki. Watu kumi na mmoja walinishukuru. Hazikupita dakika tatu mwenye ukurasa akaifuta.

Basi naiandika hapa, asipoweza kuifuta: katambuga za Bunda ni elfu kumi na tano, na namba arobaini na mbili zipo.